Ramazani Shadary: mbunge wa Kabambare aliyekaribia kiti cha urais

Mwezi Aprili 2025, wizara ya mambo ya ndani ya DRC ilitangaza kusimamisha shughuli za chama cha PPRD katika nchi nzima. Chama hicho cha rais wa zamani Joseph Kabila kilituhumiwa kuhusiana na waasi wa M23, tuhuma ambazo kilizikana. Aliyekuwa akikiongoza kama katibu mkuu wa kudumu ni Emmanuel Ramazani Shadary. Miaka saba kabla ya hapo, wizara hiyo hiyo iliyofunga milango ya chama chake ilikuwa mikononi mwake.

Kusini mwa Maniema, Shadary ni mtoto wa nyumbani. Alizaliwa Kasongo, na teritwari jirani ya Kabambare ikamtuma bungeni. Alipanda ngazi hadi akabakiza hatua moja tu kufika ikulu. Lakini safari yake inaacha swali ambalo wapiga kura wa Kabambare wanalo mpaka leo: mtoto wa nyumbani akifika juu, nyumbani kunabaki nini?

Gavana wa wakati wa vita

Shadary alizaliwa tarehe 29 Novemba 1960, miezi mitano baada ya uhuru. Wakati huo Maniema ilikuwa ndani ya Kivu. Ilitengwa na kuwa jimbo la peke yake mwaka 1988. Alisoma sayansi ya siasa na utawala katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Mlango wa madaraka ulifunguka mwaka 1997, pale AFDL ya Mzee Laurent-Désiré Kabila ilipomwangusha Mobutu. Shadary akawa naibu gavana wa Maniema, na mwaka 1998 akapanda kuwa gavana. Cheo hicho alikuwa nacho hadi 2001.

Haukuwa wakati wa raha. Agosti 1998 vita vya pili vilianza, na Oktoba mwaka huo Kindu, mji mkuu wa jimbo, ukaanguka mikononi mwa waasi wa RCD. Gavana akabaki na cheo, lakini mji wake ulikuwa unatawaliwa na wengine. Waliobaki upande wa Kinshasa katika miaka hiyo walihesabiwa kuwa watu wa kuaminika. Mzee Kabila alipouawa Januari 2001, mwanawe Joseph aliirithi imani hiyo. Mwaka 2002 PPRD ilipoundwa, Shadary alikuwa miongoni mwa waanzilishi.

Kura za Kabambare

Mwaka 2006 nchi ilifanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka zaidi ya 40. Kabambare ilimchagua Shadary kuwa mbunge wa kitaifa, na mwaka 2011 ikamchagua tena.

Ni teritwari inayopakana na Fizi ya Kivu Kusini na inayotazamana na Tanganyika. Ardhi yake ina dhahabu. Huko Salamabila, kampuni ya Banro ilijenga mgodi wa Namoya, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Lakini barabara ni mbaya, na kwa miaka mingi raia wameishi katikati ya jeshi na makundi ya Mai-Mai.

Bungeni, Shadary alijulikana kama mtetezi mkali wa walio wengi, akapata jina la utani la Kifaransa linalomaanisha pigo juu ya pigo. Alifika hadi kuongoza kundi la wabunge wa PPRD. Mpinzani akimshambulia Kabila, Shadary hakukawia kumjibu.

Kwa haki, mbunge si mjenzi wa barabara. Kazi yake ni kutunga sheria na kuichunguza serikali. Lakini hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na kwamba fedha hizo zikatwe hapo hapo zinapokusanywa. PPRD na washirika wake walikuwa na viti vingi bungeni kuanzia 2006 hadi mwisho wa utawala wa Kabila. Kifungu hicho hakikutekelezwa kama kilivyoandikwa. Majimbo yaliendelea kungoja Kinshasa iwarudishie sehemu, kwa kiasi na kwa wakati inaoutaka yenyewe. Kwa teritwari iliyo mbali kama Kabambare, kungoja huko ndiko kunakoonekana katika kila daraja lililovunjika.

Miezi 14 ya polisi na utawala

Usiku wa tarehe 19 Desemba 2016, muhula wa pili na wa mwisho wa Kabila ukiisha bila uchaguzi, serikali mpya ya Samy Badibanga ilitangazwa. Shadary akawa makamu wa waziri mkuu na waziri wa mambo ya ndani na usalama. Bruno Tshibala alipochukua nafasi ya Badibanga Mei 2017, alimwacha pale pale.

Ndicho kipindi kinachotajwa zaidi anapozungumziwa. Huko Kasai, vita vya Kamwina Nsapu vilikuwa vinaua watu wengi, na Machi 2017 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa wakauawa. Mijini, maandamano ya kumtaka Kabila aondoke yalizimwa kwa nguvu, pamoja na yale ya Wakatoliki tarehe 31 Desemba 2017 na Januari 2018, ambako raia walipigwa risasi na kufa. Tayari Mei 2017 Umoja wa Ulaya ulikuwa umemwekea vikwazo, ukisema kwamba kama mkuu wa polisi na mratibu wa magavana alihusika na ukandamizaji. Kinshasa ilivipinga vikwazo hivyo.

Kwa watu wa Kabambare kulikuwa na jambo lingine. Wizara hiyo ndiyo inayosimamia polisi, na wasimamizi wa teritwari, ambao huteuliwa kutoka Kinshasa, wako chini yake. Ni nadra mtoto wa kusini mwa Maniema kushika chombo kinachogusa maisha ya kijiji moja kwa moja namna hiyo. Hata hivyo, tarehe 1 Machi 2017, yeye akiwa waziri, watu wenye silaha waliwateka wafanyakazi watano wa mgodi wa Namoya: Mfaransa mmoja, Mtanzania mmoja na Wacongo watatu. Waliachiliwa mwezi Mei. Matatizo ya Salamabila hayakuisha, na mwaka 2019 shughuli za mgodi zikasimama.

Jina ambalo wengi hawakulitazamia

Februari 2018 Shadary alibadilishana nafasi na Henri Mova: Mova akaenda wizarani, yeye akawa katibu mkuu wa kudumu wa PPRD. Tarehe 8 Agosti, siku ya mwisho ya kupokea wagombea, muungano wa FCC ulimtangaza kuwa mgombea wake wa urais. Maniema ilikuwa na watu wengine wazito, kama Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016. Kabila alimchagua Shadary. Wachambuzi wengi waliona sababu moja: utiifu.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kwa matokeo ya CENI, Félix Tshisekedi alipata asilimia 38.57, Martin Fayulu asilimia 34.8, na Shadary akawa wa tatu kwa asilimia 23.8, sawa na kura milioni 4.3 na zaidi. Fayulu aliyakataa matokeo hayo, na Kanisa Katoliki likasema hayalingani na yale waliyoyaona waangalizi wake. Ila juu ya nafasi ya Shadary hakukuwa na ubishi mkubwa. Maniema ilimpa kura nyingi. Nchi kwa jumla ilimkataa, pamoja na magari, fedha na televisheni ya taifa vilivyokuwa upande wake.

Wakati huo huo FCC ilipata viti zaidi ya 300 kati ya 500 vya bunge. Nguvu hiyo nayo haikudumu. Desemba 2020 Tshisekedi alivunja ushirikiano na Kabila, na wabunge wengi wa FCC wakahama. Desemba 2023 PPRD ilisusia uchaguzi, na wapiga kura wa Kabambare wakaingia vituoni bila kukikuta kwenye orodha chama walichokipa kura tangu 2006. Mwaka mmoja na miezi minne baadaye, ukaja uamuzi wa wizara ya mambo ya ndani.

Karibu kila cheo Shadary alikipata kwa kuteuliwa na aliye juu yake. Ubunge wa Kabambare ndio uliotoka kwa wananchi. Alipoanguka aliye juu, vyeo vilikwisha thamani. Msimamizi wa teritwari bado anateuliwa Kinshasa, na asilimia 40 bado inangojwa. Mheshimiwa yeyote atakayekuja Kabambare kuomba kura anaweza kuulizwa kuhusu hayo mawili kabla ya kuulizwa anamfahamu nani huko juu.