Maji Mengi Huua Maua ya Nyumbani

Katika nyumba za Bujumbura si jambo geni kuona maua yamepandwa katika vyungu au makopo na kuwekwa sebuleni, barazani au karibu na dirisha. Mwenye nyumba humwomba jirani kipande cha shina, akakipanda, nacho kikachipua vizuri. Lakini baada ya miezi michache majani huanza kulegea na kugeuka manjano, na hatimaye mmea hufa. Hapo husemwa kwamba udongo ulikuwa mbaya, au kwamba aliyeupanda hana mkono wa kupanda.

Ukweli ni kwamba maua mengi ya ndani hayafi kwa kiu. Hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi. Mizizi huhitaji hewa kama viumbe hai vingi. Katika udongo mzuri, hewa hiyo hukaa katika nafasi ndogo zilizopo kati ya chembe za udongo. Maji yakizijaza nafasi hizo siku baada ya siku, hewa hutoweka, mizizi hukosa pumzi na kuoza. Mzizi uliooza hauwezi tena kuvuta maji, hivyo majani hunyauka ingawa udongo umelowa. Dalili hiyo hufanana kabisa na ile ya kiu. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba huongeza kikombe kingine cha maji, na kwa huruma yake akaumaliza mmea.

Pima udongo kwanza

Kabla ya kumwagilia, yafaa kuchomeka kidole katika udongo hadi kiungo cha pili. Ukiwa bado na unyevu, usitie maji. Ukiwa mkavu, mimina polepole mpaka maji yatokeze chini ya chungu, kisha uache mpaka ukauke tena. Haifai kufuata hesabu ya siku tu, kwa kuwa mmea unaokauka upesi katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, waweza kukaa na unyevu muda mrefu zaidi wakati wa mvua.

Chungu nacho hakina budi kuwa na matundu. Kopo la maziwa ya unga au la mafuta ya kupikia hufaa sana, mradi litobolewe kwa msumari mahali panne au patano katika kitako chake. Watu wengi hutandika kokoto chini wakidhani zitapitisha maji, lakini maji hubaki katika udongo ulio juu ya kokoto, nayo mizizi hupungukiwa na nafasi. Lililo bora ni kuchanganya udongo wenyewe: sehemu mbili za udongo mweusi, sehemu moja ya mchanga wa mtoni na sehemu moja ya samadi iliyokwisha kuoza.

Kila mmea na asili yake

Anayejua mmea ulikotoka hujua pia kiasi cha maji unachotaka. Sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga, asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati. Huweka akiba ya maji ndani ya majani yake, na yaweza kukaa wiki mbili au tatu bila kunyweshwa.

Ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, ambalo leo hupambia madirisha ya Ulaya na Marekani, lilitoka milima ya Usambara nchini Tanzania. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona huko mwaka 1892, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo. Huko kwao huota juu ya miamba yenye kivuli na udongo haba, ambako maji hupita bila kutuama. Kwa hiyo chungu chake huwekwa ndani ya beseni lenye maji kidogo kwa muda wa nusu saa, kisha huondolewa na kuachwa yachuruzike. Majani yake yasimwagiwe maji baridi, kwani huota madoa.

Hatari ya kisahani

Maji yanayobaki katika kisahani kilicho chini ya chungu huweza kuwadhuru hata watu wa nyumba. Mbu aitwaye Aedes, aenezaye homa ya dengi na chikungunya, hupenda vyombo vidogo vya namna hiyo. Huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi kumkinga mtu naye. Homa ya dengi ilienea Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mayai ya mbu huyo hushikamana na ukingo wa chombo, nayo huvumilia ukavu kwa miezi kadhaa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi; ni lazima kisahani kisuguliwe kwa burashi kila wiki, kabla viluwiluwi havijawa mbu.

Kuuokoa mmea

Mmea uliokwisha kulowa kupita kiasi waweza bado kupona. Utoe katika chungu, ukate kwa kisu safi mizizi yote iliyo myeusi na laini, ukaupande katika udongo mpya na chungu kisichozidi ukubwa wa mizizi iliyobaki. Tia maji kidogo, uweke penye mwanga usio wa jua kali, wala usitie mbolea mpaka majani mapya yatokeze. Ikiwa mizizi yote imeoza, kata tawi lililo zima ulipande upya.

Yafaa nyumba ichague siku moja katika wiki ya kupima udongo, kufuta vumbi majanini kwa kitambaa chenye unyevu na kusugua visahani. Siku nyingine zote, kopo la maji likae mahali pake.