Fahamu: Maisha ya mwenye hemofilia yanapimwaje?

Mtu mzima mwenye hemofilia anaweza kuamka goti limevimba bila kuanguka wala kugongwa. Damu huvujia ndani ya kiungo kwa sababu mwili una upungufu wa protini ya kugandisha damu: namba 8 kwa hemofilia A, namba 9 kwa B.

Maabara hupima protini hiyo, lakini haijui kama mgonjwa ameweza kushika jembe au kulala usiku. Ndiyo maana kuna dodoso la Haem-A-QoL, lenye maswali 46 katika nyanja 10, zikiwemo kazi, hisia, uzazi na matumaini ya kesho. Alama ni 0 hadi 100; zikipanda, maisha ni magumu zaidi.

Kwa wagonjwa wa mkoa wa Katavi, mimi ningeongeza swali la safari. Kutoka Mpanda hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000, na goti linalovuja damu linataka dawa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 2.

Mwanao akivuja damu kupita kiasi baada ya tohara au kung'olewa jino, huenda ni hemofilia; usimpe aspirini. Mpeleke hospitali, na mweleze daktari kama wajomba zake walikuwa hivyo.