Kusoma Hali ya Mtandao wa Simu Kupitia Faili la Kifaa

Katika mfumo endeshi wa Linux, vifaa vingi vinavyounganishwa na kompyuta huonekana kama mafaili ndani ya saraka ya /dev. Ukichomeka modemu ya USB yenye laini ya simu, mara nyingi hutokea faili liitwalo /dev/ttyUSB0. Faili hili halihifadhi data kwenye diski. Ni mlango tu. Unachoandika humo hupelekwa kwenye modemu, na unachosoma humo ni jibu la modemu.

Ili kujua kama modemu imeshika mtandao, programu huandika amri AT+CREG? kwenye faili hilo. Tuseme jibu ni:

+CREG: 0,1

Usikimbilie ile 0 ukaandika "hakuna mtandao". Namba ya kwanza huonyesha tu kama modemu imeagizwa kutoa taarifa yenyewe hali inapobadilika. Hali ya mtandao ni namba ya pili:

0 – haijasajiliwa, wala haitafuti mtandao
1 – imesajiliwa kwenye mtandao wake
2 – haijasajiliwa, inatafuta mtandao
3 – imekataliwa kusajiliwa
4 – hali haijulikani
5 – imesajiliwa kwenye mtandao wa ugenini

Zingatia: usajili si nguvu ya mawimbi. Nguvu ya mawimbi huulizwa kwa AT+CSQ, ambayo hujibu kwa 0 hadi 31. 99 maana yake haijulikani.

Jipime: Modemu imejibu +CREG: 0,2. Je, imeshika mtandao?
Jibu: Hapana. Bado inautafuta.