Wajibu na Hatia: Mipaka ya Maana katika Kiswahili cha Sheria

Tuanze na jambo la kawaida katika nyanda za juu za Ufipa. Ng'ombe wa mzee mmoja, wakichungwa na mjukuu wake, wanaingia katika shamba la jirani na kula mahindi. Kijijini huulizwa swali moja: "Kosa ni la nani?" Swali hilo limebeba maswali manne, na Kiingereza huyatenga kwa maneno manne. Mzee ndiye mwenye wajibu wa kuwatunza ng'ombe: yeye ni "responsible". Mjukuu anapaswa kueleza ilikuwaje: yeye ni "accountable". Mzee atalipa mahindi hata kama alikuwa amelala nyumbani: yeye ni "liable", yaani ana dhima. Lakini hakuna kati yao aliye "guilty", yaani mwenye hatia ya jinai, mpaka ithibitike kwamba aliwaingiza ng'ombe shambani kwa kusudi.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Wajibu, dhima na hatia tumeyapokea kutoka Kiarabu: la kwanza lahusu jambo la lazima, la pili deni lililo shingoni mwa mtu, la tatu lina asili ya dhambi. Kosa ni neno la Kibantu, kutokana na kukosa: mtu hukosa shabaha, hukosa chakula, hukosa adabu. Kwa hiyo kosa hutaja upungufu, halielezi nia. Wajibu hutangulia tendo na hutokana na nafasi ya mtu. Hatia hufuata tendo na hutokana na ushahidi.

Kiingereza nacho kina mitego yake. "Responsible" huitwa mtunza ghala, na huitwa pia mwizi aliyelivunja. Mfasiri anayeandika "mhusika" mahali pote humweka mtunzaji kizimbani pamoja na mwizi. Kwa upande mwingine, Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, inayokataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika, hutumia kosa na hatia pale ambapo Kiingereza hurudia "guilty" mara mbili.

Mipaka hii ikifutwa, watu huumia. Jina Sumbawanga, kwa maelezo ya wenyeji, maana yake ni "tupa uchawi". Panapohofiwa uchawi, lawama hugeuka hatia bila kupita katika ushahidi. Mfano mzito ulitokea kaskazini mwa Ufipa, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambako wazee walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mwaka 1976 watuhumiwa wa mauaji hayo waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mara mbili tuhuma ilifanywa hatia. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwa ametesa mtu. Alikubali wajibu pasipo kuwa na hatia. Kwamba mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais yaonyesha kuwa wananchi waliielewa tofauti hiyo.

Tangu hapo kuwajibika, katika lugha ya siasa, kumepata maana ya kujiuzulu, na kuwajibishwa maana ya kuadhibiwa. Hapa pana hatari: ikiwa kuwajibika ni adhabu, kila kiongozi ataukana wajibu kana kwamba anakana hatia.

Zamani mkulima wa Ufipa alisikilizwa kwa Kiswahili katika mahakama ya mwanzo. Rufaa yake ikifika Mahakama Kuu, hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo hatuwezi tena kuegemea Kiingereza kitutenganishie maana. Maneno tunayo, lililobaki ni kuyatumia kila moja mahali pake, ili mzee yule alipe mahindi ya jirani na arudi nyumbani bila kuitwa mhalifu.