Printa haijafa, imepoteza njia tu

Vikundi vyetu vingi vinachapisha orodha za akiba na mikopo kwa printa moja ya ofisi. Siku ruta ya intaneti inapobadilishwa, printa inanyamaza, na mtu anashauri kununua nyingine. Kabla ya kufungua sanduku la kikundi, jaribuni haya.

Printa inakumbuka jina la Wi-Fi ya zamani na neno lake la siri. Inaendelea kutafuta mtandao ambao haupo tena.

Njia fupi ni kuipa ruta mpya jina na neno la siri vile vile vya zamani, herufi kwa herufi. Zimeni printa, muiwashe tena. Mara nyingi itajiunga yenyewe.

Ikishindikana, ingieni katika menyu ya printa, sehemu ya mtandao, mchague Wi-Fi mpya na kuandika neno la siri. Printa nyingi zinashika mawimbi ya 2.4 GHz tu. Jina lisipoonekana, hakikisheni ruta imeyawasha.

Bado kompyuta. Ruta mpya inaweza kuipa printa anwani nyingine: jana 192.168.1.20, leo 192.168.0.15. Kompyuta inapeleka kazi kwenye nyumba iliyohamwa. Futeni printa katika orodha ya kompyuta, kisha muiongeze upya.

Kama mkutano ni leo na printa ina tundu la USB, kamba yake inatosha.

Neno la siri liandikwe katika daftari la sekretari, na wamama wawili wajifunze kazi hii, si mmoja.