Nani Anamwagilia Bustani ya Aladdin? Maoni Kuhusu Mandhari ya Kubuni

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuna sentensi moja ambayo kila msahihishaji wa majibu ya fasihi ameikuta hadi ikamkinai: "Mandhari ya hadithi hii ni bustani nzuri ya kupendeza yenye miti ya kila aina." Sentensi hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba haisemi lolote. Inafaa bustani ya hoteli, ya ikulu na ya peponi, na mtahiniwa anaweza kuiandika bila kuifungua hadithi yenyewe.

Nakiri kuwa kwa miaka kadhaa nami nilikuwa miongoni mwa waliowaamuru wanafunzi kuinakili ubaoni. Siku moja nilikuwa nikisoma na kidato cha pili hekaya ya Aladdin kutoka Alfu Lela Ulela. Tulipofika pale kijana anaposhuka chini ya ardhi na kukuta miti iliyosheheni matunda ya kung'aa, mwanafunzi mmoja ambaye kwao hulimwa michungwa aliinua mkono. Akauliza: "Mwalimu, huko chini jua linatoka wapi? Na nani anamwagilia?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikamjibu kuwa hiyo ni fantasia, akae chini. Jibu langu lilikuwa ovyo. Swali lake ndilo lililozaa makala haya.

Mtunzi wa fantasia hana budi kuamua mambo yale yale anayoamua mtunzi wa uhalisia: bustani iko wapi na huingiwa vipi, hewa yake ikoje, na humo huota nini. Tofauti ni kwamba yeye halazimiki kufuata maumbile. Kwa hivyo kila anapoyaacha maumbile, ametenda kwa hiari, nasi tuna haki ya kuuliza kwa nini. Na katika yote hayo, jambo ambalo wanafunzi wetu hulisahau zaidi ni hali ya hewa. Hebu tutazame bustani mbili za kubuni zinazojulikana sana duniani, moja yenye upepo na nyingine isiyo na hewa yoyote.

Bustani yenye upepo

Katika utenzi wa Odyssey, unaonasibishwa na Mgiriki Homer, mhusika mkuu Odysseus anatupwa na bahari kwenye kisiwa cha Scheria, nchi ya Wafaeaki. Katika sehemu ya 7 anafika kwa mfalme Alcinous, na kabla ya kuvuka kizingiti anasimama kuitazama bustani ya matunda iliyo nje ya ua, karibu na lango. Ukubwa wake ni kama ekari nne, nayo imezungushiwa ua pande zote. Humo mna mipea, mikomamanga, mitufaha, mitini na mizeituni, kisha shamba la mizabibu, na mwishoni matuta ya mboga. Kuna chemchemi mbili: moja inasambaa bustanini kote, nyingine inapita chini ya kizingiti cha ua kuelekea kwenye jumba, na wenyeji huteka maji hapo.

Hapa nitoe tahadhari kwa anayefundisha pwani. Ukitaja "tufaha" mbele ya watoto wa Kilindini au Unguja, wengi watawaza lile tunda jekundu, laini, lenye maji mengi, liitwalo tufaa. Hilo si tufaha la Homer na wala si la jamii moja nalo. Na wapo wapwani waliozoea kuliita parachichi "pea". Basi mwanafunzi anaweza kuijaza bustani ya Mgiriki maparachichi pasi na kosa lake. Mtini ndio rahisi: mwonyeshe mkuyu au mugumo, umwambie hawa ni ndugu.

Sasa tuje kwenye muujiza wenyewe. Homer anasema matunda ya bustani hii hayakosekani mwaka mzima, wakati wa baridi wala wa joto, kwa sababu upepo wa magharibi huvuma daima, ukichanuza haya na kuivisha yale. Pea huiva juu ya pea, tini juu ya tini. Msomaji wa Kisii au Meru aweza kuuliza: ajabu i wapi? Mgomba wa nyumbani kwao huzaa mwezi wowote, na mpapai vilevile. Ndipo mwalimu anapopaswa kueleza tabianchi ya huko. Kandokando ya Mediterania mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi huwa kikavu. Kati ya miti niliyoitaja, mzeituni pekee ndio unaobaki na majani mwaka mzima. Mpea, mtufaha, mtini, mkomamanga na mzabibu hupukutisha majani yote na kusimama uchi kama kuni. Isitoshe, mtufaha na mpea huhitaji ile baridi ndipo vichanue vizuri, na ndiyo sababu mtufaha wa Ulaya ukipandwa Mombasa hauzai. Kwa Mgiriki, baridi ilikuwa muda wa kula akiba na kuihesabu. Kumwambia kwamba ipo bustani isiyokuwa na majira hayo ni kumwambia kuwa ipo nchi isiyojua hofu ya ghala tupu.

Mswahili wa pwani hahitaji kufafanuliwa kuwa upepo ni msimu. Kaskazi na kusi ni majina ya pepo, na papo hapo ni majina ya majira. Homer amechukua upepo mmoja akauzuia usiondoke. Hilo tu. Hajaondoa jua, hajaondoa maji, wala, tafadhali lizingatie hili, hajaondoa kazi. Katika shamba la mizabibu zabibu nyingine zimeanikwa juani, nyingine zinachumwa, nyingine zinakamuliwa. Kuna mikono humo, ingawa hatutajiwi majina ya wenye mikono.

Linganisha na sehemu ya 24. Odysseus amerudi kwao Ithaca baada ya miaka 20 na anamkuta baba yake, mzee Laertes, akilima shambani peke yake katika nguo zilizotiwa viraka, mikono ameifunika dhidi ya miiba. Mzee hamwamini kuwa ni mwanawe. Odysseus anamwonyesha kovu, kisha anamtajia miti aliyopewa na babake alipokuwa mtoto: mipea 13, mitufaha 10, mitini 40 na safu 50 za mizabibu. Mipea, mitufaha, mitini na mizabibu ni ile ile tuliyoiona kwa Alcinous. Lakini hapa ina idadi, kwa kuwa kuna aliyeipanda na kuna aliyerithishwa. Mtahiniwa anayeweza kuziweka bustani hizi mbili kando kwa kando ameshaeleza mandhari, uhusika na maudhui kwa pigo moja.

Bustani isiyo na hewa

Turudi kwa Aladdin. Kwanza tuondoe dhana moja. Hekaya hii haimo katika hati kongwe ya Kiarabu ambayo Mfaransa Antoine Galland aliitumia kutafsiri Alfu Lela Ulela. Galland alisimuliwa na Hanna Diyab, kijana Mkristo kutoka Aleppo, huko Paris mwaka wa 1709, naye akaichapisha mwaka wa 1712. Kwa hiyo ni simulizi ya mdomo iliyopita kwenye kalamu ya Mfaransa. Mwanafunzi akiandika kuwa imetoholewa "moja kwa moja kutoka kitabu cha kale cha Waarabu" msahihishe kwa upole. Matini ninayoirejelea hapa ni hiyo ya Galland.

Jiografia yake imepangwa kwa makini mno. Mchawi kutoka Afrika, anayejifanya amu yake Aladdin, anamtoa kijana mjini na kumpitisha bustani moja baada ya nyingine. Wanapumzika kando ya birika kubwa ambamo maji yanatiririka kutoka kinywa cha simba wa shaba. Mchawi anatoa mikate na matunda, wanakula. Kisha wanaendelea hadi kwenye bonde jembamba kati ya milima miwili isiyo mirefu sana. Hapo moto unawashwa, ubani unafukizwa, ardhi inatetemeka na kupasuka, na jiwe lenye pete ya shaba linajitokeza. Chini yake kuna ngazi, kumbi tatu zenye vyombo vikubwa vilivyojaa dhahabu na fedha, kisha mlango. Mlango huo ndio unaofungukia bustani. Mwisho wa bustani kuna ngazi nyingine, ya vidato 50, inayopanda hadi ilipo taa.

Umeona? Msimulizi ametuonyesha kwanza bustani zenye maji, akatulisha matunda ya kweli, ndipo akatushusha. Si bahati. Anataka tuingie kule chini tukiwa bado na ladha mdomoni.

Na huko chini hamna hali ya hewa. Hakutajwi upepo, mvua, umande wala msimu. Hakuna mtunza bustani. Miti imejaa matunda ya rangi mbalimbali: meupe ni lulu, yanayopenya nuru ni almasi, mekundu ni yakuti, ya kijani ni zumaridi, na mengine ni ya buluu, ya zambarau na ya manjano. Orodha inapangwa kwa rangi, kama ya sonara. Katika bustani ya Alcinous tuliambiwa majina ya miti. Hapa hatuambiwi jina la mti hata mmoja. Mti ambao haunywi maji na haungojei masika hauhitaji jina. Ni rafu ya kuwekea bidhaa.

Hapa ndipo swali la yule mwanafunzi wangu linapojibika. Nani anamwagilia? Hakuna, na kwa kuwa hakuna, kinachozaliwa humo hakiliki. Ukiiondolea bustani jua, maji na msimu, tunda haliozi, lakini pia haliwi chakula. Linabaki kuwa mali. Aladdin mwenyewe, maskini wa watu, anadhani ni vipande vya gilasi ya rangi, na moyoni angependelea tini na zabibu. Wengi huandika kuwa huo ni ujinga wake. Mimi naona ni ujinga nusu tu. Kuhusu bei amekosea, kuhusu matunda amepatia.

Fuatilia yanayofuata uone jinsi mandhari inavyosukuma msuko. Kijana anajaza mifuko, mshipi na kifua. Anaporudi mdomoni mwa pango ameelemewa, anaomba apewe mkono kwanza, mchawi anataka taa kwanza, wanabishana, na mchawi kwa hasira anamfungia ndani. Aladdin anajaribu kurudi bustanini, akute mlango wake nao umefungwa. Anakaa siku mbili bila kula wala kunywa, gizani, na mifuko imefura matunda! Sijui kejeli nyingine ya njaa katika hekaya inayoipita hii. Anapookolewa na jini wa pete na kufika nyumbani anazirai kwa udhaifu, na jambo la kwanza analomwomba mamake ni chakula. Na kesho yake, taa inaposuguliwa kwa mara ya kwanza, kinachoombwa ni chakula pia. Matunda ya bustani hayaingii kazini hadi siku mama anapoyabeba katika bakuli na kumpelekea sultani, kijana akiposa binti yake. Yaani mahari.

Basi mtahiniwa akiulizwa, "Jadili umuhimu wa mandhari katika hekaya hii," asianze na "bustani ya kupendeza". Aanze na birika la maji juu ya ardhi na ukavu chini yake, kisha athibitishe kwa njaa ya siku mbili. Hapo atakuwa na hoja, mfano na maelezo, na atakuwa amesoma. Neno "fantasia" alitumie baadaye, kama jina la alichokwisha kukieleza. Akilitanguliza, litamfungia mlango kama nilivyomfungia yule kijana wangu.

Komamanga moja

Nimebakisha mti mmoja. Katika Alfu Lela Ulela mna hekaya ya Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Wakosoaji wameonyesha jinsi Shaaban Robert alivyoikaribia hekaya hiyo katika Adili na Nduguze (1952), ambamo ndugu wanageuzwa manyani. Katika hekaya ya Kiarabu Abdullah anafika kwenye mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe: wauzaji dukani, mfalme kitini. Aliye hai ni binti mmoja tu. Ameponaje katika mji usio na mkulima wala soko? Kwa uwezo wa Mungu mkomamanga ulimchipukia papo hapo, ukatoa majani, ukachanua na kuzaa komamanga moja. Kila siku humkuta moja mtini, akala, likamtosha.

Mti huu nao umekiuka misimu yote, kama ile ya chini ya ardhi. Lakini tunda lake huliwa, na huja kwa kiasi cha siku, hivyo haliwezi kujazwa mifukoni wala kupelekwa kwa sultani. Aladdin alibeba asichoweza kula. Binti huyu hula asichoweza kubeba.

Kipindi chenu kijacho, mwalimu, fungueni Adili na Nduguze kwenye Mji wa Mawe. Kabla ya kuwatajia wanafunzi neno mandhari, waulize Mwelekevu aliishi kwa kula nini, waitafute aya yenyewe, waisome kwa sauti.