Mpaka Hulindwa na Mlango Wake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mpaka wa Kenya na Uganda ulivyohamishwa kwa kalamu. Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliokuwa ukifika hadi Naivasha, ulikatwa mwaka 1902 ukaunganishwa na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka 1926 amri ya Mfalme wa Uingereza ikaandika mpaka huo mto kwa mto na kilima kwa kilima. Wateso wakabaki Tororo na wengine wakabaki upande wa Kenya. Wasamia nao wakagawanywa vivyo hivyo, na Busia ikawa mji mmoja wenye serikali mbili.

Leo tunajibu swali tulilowaahidi wasomaji: fedha za kulinda mpaka huu hutoka wapi, kwa sheria gani, na zinunue nini?

Shilingi haitoki bila sheria

Tuanze na Hazina. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 206, inazuia fedha za umma kutolewa katika Mfuko Mkuu bila idhini ya sheria. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema hivyo hivyo katika vifungu vya 153 na 154. Kwa hiyo askari wa doria Malaba, mashine ya kupekua mizigo Busia na taa ya barabarani karibu na kituo, vyote huanzia katika makadirio yanayopitishwa na Bunge kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai.

Wapiga kura wa mpakani mara nyingi humlaumu mbunge wao kwa mambo asiyoyaweza peke yake. Uganda, kifungu cha 93 kinaiachia serikali pekee kuleta mswada unaoongeza matumizi ya fedha za umma. Kenya, kifungu cha 114 kinataka mswada wa fedha upitie kamati husika, baada ya maoni ya Waziri wa Fedha kuzingatiwa. Serikali ya Kaunti ya Busia nayo ina mamlaka juu ya masoko na leseni za biashara, lakini polisi na uhamiaji ni kazi ya serikali ya taifa kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Anayemfahamu mchuuzi kwa sura hana mamlaka juu ya lango. Mwenye mamlaka hayo yuko Nairobi au Kampala.

Mvutano wa fedha za mpaka hauko kwetu tu. Marekani, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019, sehemu ya serikali ilifungwa kwa siku 35 kwa sababu rais alidai dola bilioni 5.7 za ukuta na Bunge likakataa. Swali la wabunge wale ndilo letu pia: je, usalama hununuliwa kwa kuziba au kwa kusimamia?

Sheria iliyotazama mashariki

Kwa upande wa Kenya, sheria iliyobadilisha zaidi usimamizi wa mipaka ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama, iliyotiwa saini tarehe 19 Desemba 2014. Ilizaliwa katika msiba. Mwaka uliotangulia watu 67 waliuawa katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na wiki chache kabla ya saini hiyo abiria wa basi na wachimba mawe waliuawa Mandera. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria hiyo kwa kukiuka Katiba. Kamati ya kuratibu udhibiti wa mipaka, iliyoundwa na sheria hiyo hiyo, ilibaki. Kazi yake ni kuwaweka meza moja watu wa uhamiaji, ushuru, polisi, afya na idara nyingine, ambao awali kila mmoja alikuwa na lango lake na siri zake.

Wazo hilo ni zuri. Hata hivyo tukumbuke kwamba liliandikwa huku macho yakiwa Mandera na Garissa, kisha likaletwa Busia na Malaba. Mpaka wa magharibi una hatari zake za kweli. Mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010 yaliua zaidi ya watu 70, na baadhi ya waliohukumiwa mwaka 2016 walikuwa Wakenya. Lakini kwa kila mtu mmoja mwenye nia mbaya, hapa hupita maelfu wenye trei za mayai, magunia ya mahindi, mwaliko wa arusi au mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Atakayempata yule mmoja lazima kwanza awapitishe hawa maelfu kwa utaratibu unaoeleweka.

Sheria ya Arusha

Jawabu bora tulilonalo halikuandikwa Nairobi wala Kampala. Lilitoka katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, nalo ni Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya 2016. Zamani msafiri alipanga foleni ya kutoka upande mmoja, akavuka, kisha akapanga nyingine ya kuingia. Uwanja uliokuwa katikati ya malango hayo mawili ndio uliozaa bodaboda: vijana wa Busia waliwabeba watu kwa baisikeli kutoka boda hadi boda, na jina likaenea Afrika Mashariki nzima.

Sasa anayekwenda Uganda hasimami upande wa Kenya. Anavuka moja kwa moja, na ndani ya jengo la Uganda anamkuta afisa wa Kenya wa kumtoa na afisa wa Uganda wa kumpokea, bega kwa bega. Anayekuja Kenya hufanyiwa hivyo upande wa pili. Hapo ndipo ilipohitajika sheria, maana afisa wa Kenya hana mamlaka ya kawaida katika ardhi ya Uganda. Sheria ya 2016 inampa mamlaka hayo ndani ya eneo la pamoja la udhibiti, na nje ya eneo hilo ni mgeni kama mgeni mwingine.

Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018. Ujenzi uligharimu yapata dola milioni 12, zilizotolewa hasa na Uingereza na Kanada kupitia TradeMark East Africa. Tunashukuru, lakini lazima tuseme wazi: mfadhili hujenga nyumba, halipi mishahara ya miaka yote. Umeme, intaneti, matengenezo ya mashine na afisa wa zamu ya usiku vinahitaji fungu linalorudi kila Julai. Tena fungu hilo liwe pande zote mbili, kwa sababu mashine ikiharibika upande mmoja, foleni hutanda pande zote.

Njia za panya

Maji hufuata mkondo. Katikati ya miaka ya 1970, baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili na bei ya kahawa duniani kupanda, kahawa ya Uganda ilivushwa Kenya usiku kwa punda, kwa mitumbwi na vichwani. Serikali ya Idi Amin iliunda kikosi cha kupambana na magendo, kikiongozwa na Bob Astles. Bunduki zilikuwepo, hofu ilikuwepo, na kahawa ikaendelea kupita. Mkulima aliyelipwa fedha isiyonunua kitu alikuwa na sababu kubwa kuliko woga wake.

Hesabu hiyo hiyo hufanywa leo na mama mchuuzi wa mitaa ya Sofia au Marachi, Busia. Anapima saa atakazosimama langoni, karatasi asizozielewa na wakala wa kumlipa, halafu anautazama mwendo wa dakika tano nyuma ya nyumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki imempa njia: bidhaa za nchi wanachama zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila ushuru wa forodha. Lakini haki asiyoelezwa kwa lugha anayoijua ni sawa na haki asiyokuwa nayo.

Lango pia huyumba. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti ya usajili na vyeti vya vipimo. Kulinda afya ni wajibu. Ila uamuzi wa ghafla humfundisha mchuuzi kwamba lango haliaminiki, na somo hilo hukaa muda mrefu kuliko katazo lenyewe.

Sheria ipimwe kwa nini?

Kila mswada wa fedha za mpaka upimwe kwa swali moja: je, utawafanya watu wengi zaidi wapite langoni kwa hiari? Mswada wa magari ya doria na silaha peke yake haulijibu swali hilo. Utakaolijibu utatenga pia fungu la kudumu la meza ya wachuuzi, maabara ya kupima nafaka papo hapo, mtafsiri wa Kiteso na Kisamia, na taarifa ya kila mwaka kwa Bunge kuhusu muda wa kuvuka. Mpitaji halali akiwa langoni, njia ya panya hubaki na wachache, na askari hujua anamtafuta nani.

Wenyeji wa Tororo wanaujua ukweli huu kwa maisha yao. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, maelfu ya Wakenya walikimbilia Malaba na Busia wakiwa na watoto mgongoni. Wengi walipokelewa na kuhifadhiwa Mulanda, wilayani Tororo. Wakati ule mpaka uliokoa maisha kwa sababu upande wa pili kulikuwa na aliyefungua na kumwandika kila aliyeingia.

Sehemu ya tatu itashuka hadi Sio Port na Ziwa Viktoria, kuangalia Sheria ya Walinzi wa Pwani ya Kenya ya 2018 na maisha ya wavuvi.